Kupatanisha WooCommerce na Cloudflare bila mteja kuonyeshwa kikapu cha mwenzake

Saa nne usiku simu iliita. Mama mwenye duka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, huyu mtu wa Tabata ni nani? Nafungua duka langu, nikifika pale pa kulipia namkuta yeye, jina lake na namba yake ya simu."

Duka ni la vitenge, limejengwa kwa WordPress, programu ya kutengeneza tovuti, na WooCommerce, plagini (programu ya nyongeza) inayoigeuza tovuti kuwa duka. Seva yake iko Ujerumani, wateja karibu wote wako Dar es Salaam. Mchana wa siku hiyo nilikuwa nimeiweka Cloudflare, huduma inayotunza nakala za kurasa karibu na wateja, mbele ya seva, na kwa tamaa ya kasi nikaiamuru itunze kila ukurasa. Kanuni niliyonakili ilisema kurasa za /cart na /checkout zirukwe. Nami mwenyewe, miezi kadhaa kabla, nilizibadili anwani za duka hilo ziwe za Kiswahili: /kikapu na /malipo. Kwa hiyo mteja wa Tabata, aliyekuwa ameingia kwenye akaunti yake, alipofungua ukurasa wa malipo, Cloudflare iliutunza na kumpa kila aliyekuja baada yake.

Mwongozo huu ni njia ninayoifuata tangu usiku ule. Nimeuandika kwa WooCommerce kwa sababu ndiyo plagini yenye kurasa za kila aina: za watu wote, za mtu mmoja mmoja, na za mitambo ya malipo. Ukiiweza hiyo, plagini ya fomu au ya uanachama haitakusumbua.

Kwanza ujue unachokinunua

Mwanga ndani ya waya wa fiba husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt ni kama kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70 hata ufanye nini. Kebo yenyewe inazunguka baharini, na kwa kawaida utaona zaidi ya mara mbili ya hapo. Kabla herufi ya kwanza ya ukurasa haijafika kwenye simu, safari hiyo inapigwa mara tatu: kufungua mawasiliano, kukubaliana juu ya usimbaji wa HTTPS, kisha ombi lenyewe.

Cloudflare ina mashine zake Dar es Salaam, Nairobi, Mombasa, Kigali na Kampala. Picha ya kitenge ikishatunzwa kwenye mashine ya Dar, mteja wa Mbagala anaichukua hapo hapo mjini. Hiyo ndiyo kazi ya CDN, yaani mtandao wa mashine zinazotunza nakala karibu na wateja. Kile kinachobadilika kwa kila mteja hakitunziki, na ugomvi wote kati ya plagini na CDN unazaliwa pale CDN inaposhindwa kutambua kipi ni kipi.

Usipoigusa mipangilio, Cloudflare ni mwangalifu sana. Inatunza faili kwa kuangalia kiishio cha jina, kama .css, .js, .jpg, .png, .woff2 na .pdf, na haitunzi kurasa zenyewe (HTML). Kwa maduka mengi madogo hilo linatosha kabisa. Ukifanya hatua 1 hadi 4 hapa chini na kuishia hapo, umefanya kazi nzuri. Hatua ya 5 ni ya anayejua anachokitafuta.

Hatua ya 1: Weka cheti cha HTTPS kwenye seva yako kabla ya kuhamisha domeni

Fungua akaunti ya bure, ongeza domeni, hakiki orodha ya rekodi za DNS, yaani kitabu cha anwani cha domeni (za barua pepe hasa, maana ndizo husahaulika), halafu nenda kwa aliyekuuzia domeni ubadilishe seva za majina. Hayo Cloudflare itakuongoza.

Jambo la kushikilia ni usimbaji. Kwenye sehemu ya SSL/TLS chagua Full strict. Ukichagua Flexible, Cloudflare itaongea na seva yako kwa HTTP tupu, bila usimbaji. Seva nayo, kwa kuwa WordPress imeambiwa itumie HTTPS, itamrudisha mgeni kwenye HTTPS. Cloudflare italeta tena HTTP. Wanazungushana hivyo hadi kivinjari kinachoka na kuandika ERR_TOO_MANY_REDIRECTS. Nimeona watu wakizima plagini moja baada ya nyingine kutafuta mchawi wa tatizo hili, kumbe ni kitufe kimoja. Full strict inadai cheti halali kwenye seva, na cheti cha Let's Encrypt ni bure kwenye hosti nyingi.

Hatua ya 2: Irudishie seva anwani za kweli (IP) za wageni

Tangu Cloudflare ikae mbele, kila mgeni anaonekana kwa seva kana kwamba ametoka Cloudflare. Plagini ya ulinzi inayohesabu majaribio ya kuingia itaona "mtu mmoja" amekosea nywila mara hamsini na kumfungia. Mtu huyo ni mashine ya Cloudflare, yaani wateja wako wote wa mji mzima.

Anwani ya kweli inakuja ndani ya kichwa cha ombi (maelezo yanayotangulia ombi) kiitwacho CF-Connecting-IP. Kwenye plagini ya ulinzi ya Wordfence, ndani ya mipangilio ya jumla, kuna swali la namna ya kupata IP za wageni: chagua kichwa hicho. Kama seva ni yako mwenyewe, ni bora zaidi kulimaliza chini kabisa, kwa moduli ya remoteip kwenye Apache au real_ip kwenye Nginx, ukiorodhesha anwani za Cloudflare peke yake. Usiiamini CF-Connecting-IP kutoka kwa yeyote. Mtu akiijua IP ya seva yako anaweza kuja moja kwa moja na kujiandikia anwani anayoitaka.

Hatua ya 3: Kila faili iwe na toleo lake

Umebadilisha rangi ya kitufe cha "Weka kikapuni", kwako inaonekana, kwa mteja bado ya zamani. Unabonyeza Purge Everything (kufuta nakala zote za Cloudflare), bado. Sababu ni kwamba kuna kache (hifadhi za nakala) mbili hapo, ya Cloudflare na ya simu ya mteja mwenyewe, na Cloudflare, usipoiambia vingine, inaziambia simu zitunze faili kwa saa 4. Huna mkono wa kufika ndani ya simu ya mtu. Unachoweza ni kubadilisha anwani ya faili.

Plagini iliyoandikwa vizuri huongeza namba ya toleo mwishoni mwa anwani, kama style.css?ver=9.1. Kwa Cloudflare, namba ikibadilika hiyo ni faili mpya. Kwa sababu hiyo, kiwango cha kache kiache kwenye Standard. Ukichagua kile cha kupuuza maneno yaliyo baada ya alama ya kuuliza, umeua mfumo mzima wa matoleo.

Kama plagini ni ya kwako, usiandike namba kwa mkono, utasahau. Acha saa ya mwisho ya kubadilishwa kwa faili ndiyo iwe toleo:

```php
add_action( 'wp_enqueue_scripts', function () {
    $faili = 'assets/duka.css';
    wp_enqueue_style(
        'duka',
        plugins_url( $faili, __FILE__ ),
        array(),
        filemtime( plugin_dir_path( __FILE__ ) . $faili )
    );
} );
```

Iangalie hiyo plugins_url. Usiandike anwani kamili ya tovuti ndani ya plagini. Siku duka likihamia domeni nyingine, au ukitumia CDN ya aina ile inayotoa faili kwenye domeni ndogo kama cdn.duka.example, anwani zilizoandikwa kwa mkono ndizo zitakazobaki nyuma. Na kwa CDN za aina hiyo, fonti zitakataa kufunguka hadi seva itume kichwa cha Access-Control-Allow-Origin. Kwa Cloudflare ya kawaida hilo halikuhusu, domeni ni ile ile.

Hatua ya 4: Zima vinavyosaidia kupita kiasi

Rocket Loader huchelewesha JavaScript ili ukurasa uonekane haraka. Kwa blogu sawa. Kwa duka, kitufe cha kuongeza bidhaa kinaweza kubonyezwa kabla skripti yake haijaamka, na mteja anaona kimya. Izime. Miongozo ya zamani itakwambia pia uwashe Auto Minify. Cloudflare iliiondoa mwaka 2024, usipoteze muda kuitafuta.

Jambo la pesa zaidi ni Bot Fight Mode, kizuizi cha Cloudflare dhidi ya roboti. Mteja akilipa kwa simu, mtoa huduma wa malipo hutuma taarifa kwenye tovuti yako, mashine kwa mashine, pengine kwenye anwani yenye wc-api au wp-json. Ombi hilo Cloudflare inaweza kuliona kuwa la roboti, na ni kweli ni la roboti, ikalizuia kwa fumbo ambalo mashine haiwezi kulijibu. Matokeo: pesa imekatwa kwenye M-Pesa ya mteja, oda dukani bado inasema "inasubiri malipo". Kwenye mpango wa bure, kanuni ya kuruka ukaguzi haigusi Bot Fight Mode, kwa hiyo kwa duka lenye malipo ya namna hii mimi huizima kabisa.

Hatua ya 5: Kutunza HTML, kama kweli unaihitaji

Hapa ndipo nilipoangukia, kwa hiyo tuende taratibu.

Anza kwa kuzijua kurasa zako zenyewe. Nenda WooCommerce, Mipangilio, sehemu ya kurasa, uandike kwenye karatasi anwani halisi za kikapu, malipo na akaunti. Usinakili za mtu. WooCommerce hutuma kichwa cha kuzuia kache kwenye kurasa hizo, lakini ukiiambia Cloudflare ipuuze vichwa vya seva na itumie muda uliopanga wewe, onyo hilo linatupwa. Ndivyo ilivyokuwa kwa mama wa vitenge: plagini ilisema "usitunze", mimi nikaiamuru Cloudflare isisikilize.

Sasa tengeneza kanuni ndani ya Cache Rules. Mpango wa bure unakupa kanuni 10, wewe unahitaji moja:

```
(http.host eq "duka.example"
 and not http.cookie contains "wordpress_logged_in"
 and not http.cookie contains "wp_woocommerce_session"
 and not http.cookie contains "woocommerce_items_in_cart"
 and not http.cookie contains "comment_author"
 and not http.request.uri.path contains "/wp-admin"
 and not http.request.uri.path contains "/wp-login.php"
 and not http.request.uri.path contains "/wp-json"
 and not http.request.uri.path contains "/wc-api"
 and not http.request.uri.path contains "/kikapu"
 and not http.request.uri.path contains "/malipo"
 and not http.request.uri.path contains "/akaunti-yangu"
 and not http.request.uri.query contains "add-to-cart"
 and not http.request.uri.query contains "wc-a")
```

Mistari ya vidakuzi (cookie, alama ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kivinjari) ndiyo ngome. Mtu akishaweka kitu kikapuni, WooCommerce humpa kidakuzi, na tangu hapo kanuni inamwachia apite hadi seva kwa kila ukurasa. Anakuwa mwepesi kidogo kuliko wengine? Hapana, anakuwa mzito kidogo, na hilo ni bei ya haki. Mistari ya anwani ni kufuli ya pili, kwa yule ambaye kidakuzi chake kimepotea.

Mstari wa add-to-cart unaonekana mdogo lakini una kisa chake. Baadhi ya vitufe vya kununua ni viungo vya kawaida kama /?add-to-cart=15. Cloudflare ikiutunza ukurasa huo, wa kwanza kubonyeza anawekewa bidhaa, wa pili anapewa ukurasa uliotunzwa, seva haijui lolote, na kikapu chake ni tupu. Mteja hatakupigia simu kukueleza. Ataondoka tu. Mstari wa mwisho, wc-a, unakamata wc-ajax na wc-api kwa pamoja zikija baada ya alama ya kuuliza.

Kitendo cha kanuni kiwe kutunza, na muda wa Cloudflare uwe saa 2, ambao ndio mfupi kuliko yote unaoruhusiwa kuupanga kwa mpango wa bure. Kwa nini usiweke wiki? Kwa sababu ya kitu ambacho WordPress hukiita nonce. Ni tiketi ndogo ya siri ndani ya fomu na vitufe, inayothibitisha kwamba ombi limetoka kwenye ukurasa wako kweli. Uhai wake ni saa 24 kwa juu, lakini tiketi iliyozaliwa mwishoni mwa zamu ya saa 12 inaweza kufa baada ya saa 12 na kidogo. Ukurasa ukitunzwa zaidi ya hapo, kila fomu iliyo ndani yake ina tiketi mfu, na mteja anajibiwa 403 au "-1" bila maelezo.

Na umri wa kache hujumlishwa. Kama una plagini ya kache kwenye seva pia, tuseme WP Super Cache, na imewekwa saa 10, halafu Cloudflare ikauchukua ukurasa ule ukiwa na saa 9 na dakika 50, na kuutunza kwa saa nyingine 10, mteja anapokea fomu yenye umri wa karibu saa 20. Kila mmoja kwa hesabu yake yuko ndani ya sheria. Mimi huiwekea ya seva saa 1 na Cloudflare saa 2. Na kichupo cha CDN ndani ya WP Super Cache kiache kimezimwa. Hicho ni cha CDN za domeni ndogo.

Hatua ya 6: Plagini iiambie Cloudflare bei ikibadilika

Saa 2 ni nyingi kama umeshusha bei ya kitenge au kimeisha stoki. Plagini rasmi ya Cloudflare kwa WordPress inaweza kusafisha kurasa zinapohaririwa, na kwa wengi hiyo inatosha. Mimi napenda kutumia faili yangu ndogo mwenyewe, kwa sababu nataka stoki nayo isafishe.

Kwenye Cloudflare tengeneza tokeni yenye ruhusa moja tu, ya kusafisha kache ya domeni hiyo. Usitumie ufunguo mkuu wa akaunti. Siku seva ikiingiliwa, mwizi wa tokeni ndogo ataishia kukusafishia kache. Iweke tokeni na namba ya zoni (domeni yako ndani ya Cloudflare) kwenye wp-config.php kwa majina DUKA_TOKENI na DUKA_ZONI, kisha faili hii iwe ndani ya wp-content/mu-plugins:

```php
<?php
function duka_safisha( $id ) {
    wp_remote_post(
        'https://api.cloudflare.com/client/v4/zones/' . DUKA_ZONI . '/purge_cache',
        array(
            'headers'  => array(
                'Authorization' => 'Bearer ' . DUKA_TOKENI,
                'Content-Type'  => 'application/json',
            ),
            'body'     => wp_json_encode( array(
                'files' => array( get_permalink( $id ), home_url( '/' ) ),
            ) ),
            'blocking' => false,
        )
    );
}
add_action( 'woocommerce_update_product', 'duka_safisha', 99 );
add_action( 'woocommerce_product_set_stock', function ( $bidhaa ) {
    duka_safisha( $bidhaa->get_id() );
}, 99 );
```

Namba 99 ni ya makusudi: ni zamu ya kutekelezwa, na kubwa huja mwisho. Kache ya seva lazima isafishwe kwanza. Ukisafisha Cloudflare ikiwa ya seva bado ina ukurasa wa zamani, Cloudflare itarudi seva, itapewa ukurasa ule ule wa zamani, na itautunza upya kwa saa 2 nyingine. Kurasa za kategoria unaweza kuziongeza kwenye orodha ya files.

Hatua ya 7: Pima kwa macho, kisha kwa simu mbili

Fungua terminali, uulize ukurasa mara mbili mfululizo:

```
curl -s -o /dev/null -D - https://duka.example/ | grep -iE 'cf-|^age'

cf-cache-status: HIT
age: 412
cf-ray: 8f2c41d7ab3e0c11-DAR
```

HIT ina maana ukurasa umetoka kwenye kache, na age ni sekunde ambazo ukurasa umekaa humo. MISS mara ya kwanza ni kawaida. MISS ya kila mara ina maana kuna kitu kinazuia. DYNAMIC ni kwamba Cloudflare haikuufikiria hata kuutunza, na ndilo jibu unalolitaka kwenye /kikapu na /malipo. Ukiona HIT kwenye mojawapo ya hizo mbili, acha kila kitu uzime kanuni. Herufi za mwisho za cf-ray ni mji uliokuhudumia: DAR, NBO, MBA. Ukiwa Dar ukaona mji wa mbali usishtuke, njia inategemea mtandao wako wa simu unavyokutana na Cloudflare.

Halafu simu mbili, kila moja na laini yake, Wi-Fi imezimwa. Ya kwanza iingie kwenye akaunti, iweke vitenge viwili kikapuni, ifungue malipo na ijaze jina la uongo linalotambulika, mimi huandika "Paka Mweusi". Ya pili, ambayo haijawahi kufungua duka hilo, ifungue ukurasa wa mwanzo, kikapu, malipo, akaunti. Kusionekane Paka Mweusi popote, wala namba 2 juu ya alama ya kikapu. Rudia jaribio hilo kila unapobadilisha anwani ya ukurasa au kuongeza plagini ya malipo.

Ukiwa katikati ya marekebisho, washa Development Mode: Cloudflare inaacha kutumia kache kwa saa 3, kisha inajirudisha yenyewe. Na kikiharibika kitu usiku, usianze kuchimba kanuni huku wateja wanaangalia. Zima kanuni ya HTML, bonyeza Purge Everything, umpigie mwenye duka umwambie aingie tena ajaribu. Mama wa vitenge alijaribu, akanyamaza kidogo, akasema, "Haya, sasa namwona mimi."